Kaumwa na mdudu: maji baridi, kalamini, Piriton au hospitali?

Mvua zikishaanza Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, dirisha la duka la dawa husikia ombi lilelile kwa sauti tofauti: "Dada, nipe dawa kali ya kuumwa na mdudu." Mdudu gani? Hajui, alikuwa gizani. Kali kivipi? Anataja tyubu aliyoiona kwa jirani. Basi tuziweke mezani dawa hizo, za jikoni na za dukani, tuzipime kwa kazi zinazofanya. Ukali nimeuweka pembeni, kwa sababu muwasho wa mbu, mwiba wa nyuki na sumu ya nge havitibiwi kwa dawa moja hata iwe na nguvu kiasi gani.

Pasipo na ulinganisho

Kabla ya kuchagua chochote, mtazame mtu mwenyewe. Kama ndani ya dakika chache, au saa moja mbili baada ya kuumwa, anapumua kwa shida, sauti inakwama, midomo au ulimi unavimba, mwili mzima unatoka mabaka ya kuwasha, anatapika, anaona kizunguzungu au anazimia, huo ni mzio mkali. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Piriton haifungui koo lililoziba wala haipandishi presha iliyoshuka. Kumpa kidonge halafu "tuone kwanza" ndiko kunakoua.

Mlaze chini, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza. Gari lina nafuu kuliko bodaboda, kwa sababu mtu aliyeshuka presha akikaa wima huzimia kirahisi, lakini kama bodaboda ndiyo iliyopo, mshikilieni vizuri muende. Nendeni kituo cha karibu chenye sindano hiyo. Kuvuka zahanati mbili ili mfike Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa sababu ni kubwa ni kupoteza dakika ambazo hamna.

Wa kupelekwa vilevile bila mjadala: aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni, aliyevamiwa na kundi la nyuki hata kama bado anaongea, na mtoto mdogo aliyeumwa na nge.

Vya jikoni

Maji na sabuni kwanza, kisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, dakika 10 hadi 20, rudia kadiri unavyotaka. Baridi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza kasi ya neva zinazopeleka maumivu na muwasho, hivyo uvimbe unapungua na mkono unaacha kukuna. Barafu nayo sawa, ila ifungwe kwenye kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja. Asiye na friji hajapungukiwa sana: hewa ya Dodoma ni kavu, na kuanzia Juni upepo hauishi, kwa hiyo kitambaa kilicholowa hupoa chenyewe maji yanapovukizwa, kanuni ileile inayopoza maji ya mtungini. Kati ya vyote nitakavyovitaja humu, hiki ndicho ningekichagua kwanza kwa karibu kila mdudu, na ni cha bure.

Siki, limau na magadi vina hoja yao ya kitaalamu inayopendwa sana: sumu ya nyuki ni asidi, kwa hiyo paka magadi, ya nyigu si asidi, kwa hiyo paka siki. Inasikika vizuri. Shida ni kwamba sumu hizo huumiza kwa protini zilizomo, kama melitini ya nyuki, na zimeshapenyezwa chini ya ngozi ambako siki yako haifiki. Magadi hayatakudhuru sana. Limau ndilo la kuogopa: juisi yake ikibaki kwenye ngozi halafu ukatoka juani, inaweza kukuachia malengelenge na baka jeusi la wiki kadhaa. Kwa jua letu hili, tia limau kwenye mchuzi.

Kitunguu, asali na utomvu wa mshubiri havina ubaya wa kuzozania. Mshubiri unapoza, asali inafaa zaidi penye kidonda kuliko penye kipele. Dawa ya meno na zile dawa za kuchua zenye harufu ya mnanaa zina mentoli, ambayo huidanganya ngozi ihisi baridi. Mtu mzima mwenye kipele kimoja anaweza kutumia, ila usimpake mtoto mchanga wala ngozi iliyochubuka.

Kundi la mwisho litoke jikoni kabisa: mafuta ya taa, petroli, maji ya betri, tope, kinyesi cha ng'ombe, kuchanja kwa wembe, kunyonya kwa mdomo. Mafuta ya taa huchoma ngozi, na kila mwaka kuna mtoto anayeyanywa kwa sababu chupa iliachwa karibu. Tope na kinyesi vinaweza kuleta pepopunda penye ngozi iliyochanika. Na lile jiwe jeusi linalobandikwa penye mng'ato, ambalo kwa kweli ni mfupa uliochomwa, hunata kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu. Majaribio ya maabara hayakuona likitoa sumu mwilini. Wanaoliamini huona mgonjwa amepona, na kweli amepona, maana nge wengi hawaui mtu mzima, jiwe liwepo lisiwepo.

Vya dukani

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

| Dawa | Inafaa | Isipofaa |
|---|---|---|
| Kalamini | Vipele vingi vya mbu au kunguni, watoto | Uvimbe mkubwa, maumivu, ngozi iliyochubuka |
| Haidrokotisoni 1% | Vipele vichache vilivyovimba na kuwasha sana | Usoni, karibu na macho, kidonda wazi, matumizi ya wiki nyingi |
| Klorofeniramini (Piriton) | Muwasho unaokunyima usingizi | Dereva, bodaboda, mnywaji pombe |
| Setirizini | Muwasho wa mchana, uvimbe wa nyuki wa siku kadhaa | Mzio mkali, maumivu ya nge |
| Parasetamo | Maumivu ya nyuki, nyigu, nge, tandu | Muwasho mtupu |

Kalamini na haidrokotisoni ndiyo mashindano ya kwanza. Kalamini ni ile ya maji yenye rangi ya waridi. Imo zinki oksaidi, na rangi inatokana na oksaidi ya chuma. Unaitikisa chupa, unapaka kwa pamba, inakauka na kupoza. Nguvu yake ni ndogo, lakini unaweza kumpaka mtoto mwenye vipele ishirini miguuni bila hofu, na ndiyo maana imo hata kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Haidrokotisoni ni steroidi dhaifu: inatuliza mwitikio wenyewe wa mwili, siyo kupoza tu. Paka utando mwembamba mara moja au mbili kwa siku, usizidishe wiki moja. Kwa mtoto, uliza kwanza.

Vipele vingi vidogo, kalamini. Viwili vitatu vilivyovimba, haidrokotisoni. Sioni haja ya kununua vyote viwili.

"Tyubu kali" ambayo jirani alikuwa nayo huwa ni betamethasoni au klobetasoli, au krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki pamoja. Hizi ni steroidi zenye nguvu nyingi kuliko haidrokotisoni. Watu wanazijua kwa kazi nyingine, ya kujichubua, na madhara ni yaleyale: ngozi inakuwa nyembamba, inatoka michirizi na chunusi. Kuitumia kwa kuumwa na mbu ni kununua tatizo kubwa ili kuondoa dogo ambalo lingejiondokea.

Mashindano ya pili ni Piriton na setirizini. Zote huzuia histamini, kemikali ambayo mwili huitoa ukiumwa na ndiyo inayowasha. Piriton, miligramu 4, hufanya kazi saa 4 hadi 6 na humlaza mtu. Setirizini, miligramu 10, hutumiwa mara moja kwa siku na wengi hawasinzii, ingawa wapo wanaosinzia, kwa hiyo ijaribu kwanza siku usiyoendesha. Mchana nachagua setirizini bila kufikiri. Piriton ina nafasi yake usiku, kwa mtu anayejikuna hadi anatoka damu. Kuna kina mama wanaoomba Piriton ya maji ili mtoto "alale vizuri." Hapana mama, hiyo siyo kazi yake. Kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto, kipimo kitoke kwa mtaalamu, kisitoke kwenye karatasi ya dawa ya mtu mwingine.

Halafu kuna amoksilini. Mtu ameumwa na nyuki jana, leo mkono umevimba hadi kiwiko, mwekundu na wa moto, anataka antibayotiki. Uvimbe wa namna hiyo, hata ukipita sentimita 10, mara nyingi ni mwili kuitikia sumu. Huendelea kukua hadi siku ya pili, kisha hupungua polepole ndani ya wiki moja hivi. Maambukizi huja kwa mwendo mwingine: siku mbili tatu zimepita, mahali palipokuwa panapoa panaanza kuuma upya, usaha unatoka, wekundu unatambaa, homa inapanda. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba mtu asiye na dalili za maambukizi asipewe antibayotiki kwa kuumwa na mdudu. Hela ya amoksilini nunua setirizini, chenji itabaki.

Mdudu kwa mdudu

Nyuki na nyigu hutofautiana kwa jambo moja la kukumbuka: nyuki huacha mwiba, nyigu haachi na anaweza kurudia. Mwiba wa nyuki hubaki na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma, na sumu nyingi huingia ndani ya sekunde chache za mwanzo. Zamani tulifundishwa kukwangua kwa kisu au kadi, kamwe usibane kwa vidole. Majaribio yalionyesha kwamba namna ya kuutoa haina uzito. Kinachopunguza sumu ni haraka. Bana, kwangua, futa kwa shati, ilimradi utoke sasa hivi. Nyuki akichoma hutoa pia harufu inayowaita wenzake, yenye mfanano na ndizi mbivu, kwa hiyo ondoka hapo kwanza. Ukivamiwa na kundi, kimbia moja kwa moja huku umefunika uso, ingia ndani ufunge mlango. Usijirushe bwawani, watakungoja juu. Wafugaji wa Manyoni, Kondoa na Chemba wanaorina kwa moshi wanajua hili kuliko sisi wa mjini, ambao mizinga yetu iko kwenye dari bila sisi kujua. Aliyeumwa vidoleni avue pete mapema.

Nge na tandu si wadudu kwa hesabu ya miguu, ila wanaletwa kwenye dirisha lilelile. Tatizo hapa ni maumivu, na muwasho ni mdogo. Kalamini na Piriton hazina kazi ya maana. Kwa nge: kitambaa baridi, parasetamo, pumzisha mkono au mguu ulioumwa. Maumivu yakizidi, kituoni wanaweza kuchoma dawa ya ganzi mahali hapo, na nafuu huja haraka. Mtazame mnyama ukiweza, ukiwa mbali: nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuhofia zaidi, na yule mkubwa mwenye magando manene huwa na sumu hafifu kuliko umbo lake. Kutokwa jasho jingi, udenda, misuli kurukaruka, macho kuzunguka au kuhema kwa shida ni safari ya hospitali. Kwa tandu, baridi husaidia, na maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, husaidia pia; jaribu kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto. Chagua unachokipata haraka.

(Anayehamia nyumba mpya Ihumwa au Nzuguni, pembeni ya mawe na vichaka, aazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Usiku nge humulika kijani chini ya mwanga huo. Utawaona wale ambao ungewakanyaga.)

Nairobi flai ni kesi ya peke yake. Ni kijidudu chembamba cha milimita 7 hadi 10 chenye pete nyeusi na nyekundu ya chungwa, hupenda taa, na huongezeka miaka ya mvua nyingi. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi anamwaga sumu iitwayo pederini, na baada ya siku moja au mbili unaamka na mstari mwekundu wenye malengelenge, kama umeunguzwa na chuma. Hapa ushindi ni wa sabuni na maji, lakini ndani ya dakika chache. Mpulize, usimpige. Ukishaponda, nawa kabla hujagusa jicho. Malengelenge yakishatoka, kitambaa baridi na haidrokotisoni kwa siku chache hutuliza. Jicho likivimba, muone daktari, usipake tyubu yoyote humo.

Kunguni nisimchoshe mtu. Setirizini itakuondolea muwasho wa leo na kesho utaumwa tena. Hela iende kwenye kufua kwa maji ya moto, kuanika godoro, kuziba nyufa za kitanda na kumwita mpuliziaji. Hawaambukizi ugonjwa, wanakera tu.

Ukiniuliza cha kuweka kabatini kwa nyumba ya kawaida mjini, ni sabuni, setirizini, parasetamo, na kalamini kama kuna watoto au haidrokotisoni kama hakuna. Basi.

Mng'ato usiowasha

Kuna wawili ambao mng'ato wao hautakufikisha dukani, na hao ndio ningekuomba uwaogope zaidi.

Papasi anajulikana na kila bibi wa Kigogo. Ni kupe laini wa rangi ya udongo anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za tembe, ile nyumba ya udongo ya Kigogo. Hutoka usiku, hunyonya nusu saa hivi, hurudi kwenye ufa, na anaweza kukaa miaka bila kula. Aliyelala wala hasikii. Kinachofuata wiki moja hivi baadaye ni homa kali ya siku kadhaa, kichwa na viungo kuuma, kisha nafuu, kisha homa inarudi tena. Hii ndiyo homa ya papasi, na kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto mchanga. Hakuna krimu ya kulinganisha hapa. Ugonjwa hutibiwa kwa antibayotiki kama doksisaiklini, au erithromaisini kwa mjamzito na mtoto, na dozi ya kwanza inywewe kituoni kwa sababu homa inaweza kupanda ghafla na presha kushuka bakteria wanapokufa. Nyumbani, chaguo ni kati ya kusakafia na kupulizia dawa. Kusakafia na kupiga lipu kunadumu ila kuna gharama. Kupulizia kuna nafuu ya haraka: huko Mvumi, utafiti uliochapishwa 1998 ulionyesha kwamba kupulizia dawa ndani ya nyumba zenye papasi kulipunguza homa hii kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Mbung'o, nzi anayeeneza malale (ugonjwa wa usingizi), ni wa mchana, wa porini, kuelekea mapori ya akiba ya Swagaswaga, Muhesi au Rungwa. Huyu anauma kweli, unamsikia. Maumivu yenyewe yapoze kwa maji. Kidonda kigumu kikitokea palepale siku 5 hadi 15 baadaye, na homa juu yake, usikipake chochote, kapimwe malale. Safarini epuka nguo za bluu na nyeusi, zinawavuta.

Na ukienda zahanati na homa, kipimo cha haraka cha malaria kikatoka hasi, usirudi nyumbani na parasetamo peke yake. Kipimo hicho hakioni papasi wala malale. Vijidudu vyote viwili hutafutwa kwa kuweka tone la damu chini ya darubini, na hakuna atakayewaza kuliweka kama hujamwambia ulilala tembe la nani, au ulipita pori gani.